Babu Alisimama Kwenye Maji Gani

Bariadi, Jumapili alasiri

Minza mwanangu,

Habari za blanketi, za dawa na za kutokula ovyo stendi ya Mwanza mama yako ameshakueleza, wala sina la kuongeza. Ninaandika kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikitaka kulisema, ulimi wangu unakuwa mzito kuliko ulivyo siku hizi, nawe unajua ulivyo. Mkono nao unatetemeka, ila mkono naweza kuusubiri ukatulia. Nimeanza mapema, jua likiwa bado kali, maana ikifika jioni herufi zangu hazisomeki hata na mimi mwenyewe. Ndiyo maana siku hizi hata shajara yangu naiandika mchana, siku ikiwa haijaisha.

Kesho unakwenda Bukoba kufundisha watu kusimama juu ya maji, kwenye ubao, kwa kasia. Kazi hiyo nilikufundisha mimi. Na ugonjwa ulioniondoa kwenye kazi hiyo, daktari alisema, huenda nimekupa mimi vilevile. Hakusema unao. Alisema huenda. Nimeliweka hapa mwanzoni ili usisome kurasa hizi ukitafuta nimelificha wapi.

Ulidhani nilikwenda Mwanza kwa ajili ya macho. Nilikwenda kwa ajili ya miguu. Daktari alinitembeza kwenye mstari wa vigae, kisigino kwenye vidole, nikashindwa hatua ya kwanza. Akaniambia niguse pua yangu kisha kidole chake, nikagusa shavu. Nilitegemea aniulize kama nimewahi kuanguka au kama nakunywa. Badala yake aliuliza, "Baba yako alikuwa anatembeaje?" Nilipomjibu, akanieleza kwamba sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili inasinyaa, polepole, na kwamba ugonjwa wa namna hii mara nyingi unatembea katika ukoo. Mtoto anaweza kuupata, anaweza asiupate. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kipimo cha damu cha kujua mapema kipo, lakini si pale, na hakuna anayelazimishwa kupimwa.

Nilirudi nikamweleza mama yako nusu. Wewe sikukueleza kitu. Nilijiambia nitasubiri umalize mafunzo, halafu nitasubiri upate kazi. Ulipopata kazi nikajiambia nisikuharibie furaha. Mpaka bibi yako alipokuja Alhamisi kutoka Mwamapalala.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa unakaanga dagaa na ulisikia nusu nusu. Aliingia na fimbo yake, akanisalimu kwa Kisukuma, hata hakukaa.

"Mwadila, baba Minza."

"Mwadila, mayu. Mhola?" nilimwitikia mama yangu.

"Mhola duhu. Nasikia mjukuu wangu anakwenda kusimama tena juu ya maji."

"Ni kazi, mayu. Wanamlipa."

"Mtu analipwa kwa kusimama! Nyanza ni ya kuchota, ni ya kuvua samaki. Nani aliwaambia ni ya kusimamia kama nguzo ya zizi? Wewe ulisimama. Haya, simama sasa tukuone."

Mama yako akacheka kidogo ili hali ipoe. Haikupoa. Bibi akaendelea kwamba ziwa limenichukua miguu, kwamba kuna mtu huko kwao wa kutengeneza mambo kama hayo, na kwamba mbuzi mmoja angetosha kama tusingechelewa. Hapo ndipo wewe ulitokea jikoni na kijiko mkononi ukasema, kwa utani wako uleule, "Bibi, na babu alisimama kwenye maji gani? Si ulisema hakuwahi kuliona hata ziwa?"

Bibi alikaa. Ulirudi kwenye dagaa wako ukidhani umemshinda kwa maneno tu. Mimi nilibaki nimeshika meza. Ulikuwa umeuliza swali la daktari, bila kujua, umesimama na kijiko, na sikuweza kukuacha uondoke nalo hivyo.

Kabla sijafika kwa babu yako, acha nikueleze jinsi nilivyofika kwenye ubao, maana hukuwahi kuniuliza na mimi nilijifanya nilizaliwa nao.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wageni pale ufukweni Lamadi. Kazi yangu ilikuwa mashuka, mafuta ya jenereta na soda. Siku moja gari lilileta mifuko mikubwa, ndani kuna kitu kimekunjwa kama godoro. Tulikijaza upepo kwa pampu mpaka mikono ikatuuma. Kilipojaa kikawa kigumu, ukikigonga kinalia kama ngoma. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu jirani wakaja kuangalia. Mmoja akauliza, "Sasa hili godoro la wazungu, wanalalia majini?" Jina likabaki hilo, godoro, na mimi nikaitwa Mwenye Godoro hata nilipokwenda sokoni Nyashimo.

Aliyekuja kutufundisha alikuwa dada wa Mwanza, Rehema, mdogo kwangu kwa umri. Alitupanga kwenye maji ya magoti, akatupa makasia. Unajua kasia la ubao: refu kupita kichwa, juu kuna kishikio, chini bapa lililopinda kidogo. Mimi, mwana wa mkulima wa pamba, nilitazama ule mpindo nikaona wazi kabisa unakotakiwa kuelekea. Nikaugeuza kwangu. Nikawa nachota maji na kuyavuta miguuni, jasho linanitoka, ubao unazunguka palepale.

Rehema alinitazama akaweka mikono kiunoni. "Kaka, unalima au unapiga kasia?"

"Napiga kasia."

"Unapalilia ziwa. Geuza hilo jembe. Mpindo uangalie mbele, uende kinyume na wewe."

Nikageuza. Kila kitu mwilini kilikataa, kilisema nimekosea. Ubao ukaenda.

Wewe mwenyewe ulifanya hivyohivyo likizo ile ya kwanza nilipokuchukua Lamadi. Na watoto wote wa Bariadi niliowaona baada yako, na wazee, na yule diwani aliyekuja na suti. Mtu wa ziwani hakosei hapo, amezoea kasia la mtumbwi. Sisi tunakosea kwa sababu jembe limetufundisha vizuri mno. Kule Bukoba utakutana na watu wenye makosa yao waliyotoka nayo nyumbani. Usiwacheke zaidi ya Rehema alivyonicheka mimi. Uliza kwanza mtu anafanya kazi gani, utajua atakoseaje.

Kosa la pili la kwetu ulilijua vizuri kuliko mimi, maana lilikuchukua likizo nzima. Mchungaji anasimama kwa fimbo. Anaichomeka chini, anaiegemea, mguu mmoja unapumzika juu ya mwingine, anaangalia ng'ombe mpaka jua linazama. Wewe umechunga kwa bibi. Kwa hiyo kila ubao ulipotikisika, ulichomeka kasia majini ili uliegemee, na maji hayana chini ya kuegemea. Ulikwenda nalo. Ulikunywa maji mengi. Ulilia kwa hasira, ukaniambia, "Baba, hiki kitu hakishikiki!"

Nikakujibu, "Hakishikiki. Kinaendeshwa."

Nilijiona nimesema neno kubwa. Kwa kweli ni jambo la kawaida kama la baiskeli: ubao uliosimama unayumba kuliko ubao unaokwenda. Unapiga magoti kwanza katikati, palipo na mkono wa kubebea. Unapiga kasia hivyo mpaka ubao unatembea. Kisha unaweka mguu mmoja pale goti lilipokuwa, na mwingine pale goti la pili lilipokuwa, unainuka bila haraka. Miguu sambamba, magoti yamelegea, macho ufukwe wa mbali. Anayeangalia vidole vyake anakwenda kuvifuata majini. Kisha bapa linaingia mbele ya vidole, linatoka likifika kifundo cha mguu. Ni hayo tu. Watu wanalipa pesa kwa hayo, na siku wanapoyapata hutoka na uso wa mtoto.

Nami niliyapata. Kwa miaka ile, Minza, nilikuwa mtu niliyesimama. Sijui nikuelezeje. Nimekulia nyumba ambayo kusimama wima lilikuwa jambo la wasiwasi, na nikajikuta alfajiri juu ya maji, yanang'aa kama bati jipya, nimesimama bila kushika kitu. Nilidhani nimetoka kabisa kwenye nyumba ile.

Dalili zilipoanza, nilifanya nilichojua kufanya: nilitafuta kosa kwenye kifaa. Ubao ulikuwa unanitupa upande wa kushoto. Nikabadili pezi la chini. Nikaongeza upepo, nikapunguza. Nikaandika kwenye shajara mwelekeo wa upepo, ukubwa wa mawimbi, hata viatu nilivyovaa siku hiyo kabla ya kuingia. Nikabadilisha ubao wote, nikampa kijana mwingine ule wa kwanza. Yeye akasimama juu yake bila shida, akanipungia mkono. Niliamini kwamba yeye ni mwepesi tu. Nikapunguza kula ugali wa usiku. Nilikuwa na utaratibu mzuri sana wa kutoona.

Kisha mgeni mmoja, mama mtu mzima, alisimama vizuri kwa mara ya kwanza akanigeukia kwa furaha, na mimi niliyekuwa namfundisha nikaanguka kwenye maji tulivu. Alidhani nimeanguka makusudi ili kumchekesha. Alicheka sana. Meneja hakucheka. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanusa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu.

Umesikia habari za babu yako Masunga kwa vipande. Umeambiwa alikuwa mlevi, akafa mlevi. Hata mimi nilikuambia. Nilipokuwa kidato cha pili, alikuwa anatembea miguu imetanuka, kama mtu aliyeko juu ya mtumbwi, na maneno yanamtoka yakiburuzana. Watoto walimfuata wakiigiza. Msimu wa kuuza pamba tulipokwenda kwenye mizani, nilitangulia mbele na mzigo, nikaacha nafasi kubwa kati yetu, ili watu wasijue ni wangu. Alikuwa akiniita kwa nyuma. Niliongeza mwendo.

Na mimi nilimnusa pia. Usiku alipolala nilisogea mdomoni kwake, mara nyingi, mtoto wa sekondari anayejiona msomi. Sikuwahi kupata harufu ya pombe. Unajua niliamua nini? Niliamua anakunywa kitu kisichonuka. Ilikuwa rahisi kwangu kubuni pombe isiyo na harufu kuliko kukubali kwamba baba yangu hanywi.

Alikuwa akisema, kwa ulimi ule mzito, "Sijanywa, mwanangu. Ardhi ndiyo inanikataa." Tulicheka nyumba nzima. Bibi yako naye alicheka, na nadhani Alhamisi alipokaa chini kimya alikuwa amekisikia kicheko chake mwenyewe. Usimwone mbaya. Mbuzi na lile ziwa ni vyepesi kwake kuliko kumkumbuka mume aliyekuwa anasema kweli.

Basi jibu la swali lako ndilo hilo. Babu hakusimama kwenye maji yoyote. Alisimama kwenye shamba lake huko Mwamapalala, na lilimtupa vilevile.

Sasa nije kwako. Jambo ninaloliogopa si kwamba utaugua. Hilo siwezi kulishika. Ninaogopa utakavyojiangalia. Kazi yako ni kuyumba na kuwafundisha watu kuyumba. Utaanguka, kila mwalimu anaanguka. Mawimbi ya boti yatakutupa, mgeni mnene atakuegemea, utaanguka kwa uchovu, kwa usingizi, kwa kuangalia kijana mzuri ufukweni. Nisingependa kila mara unapotoka majini ukae kwenye mchanga ukijaribu kugusa pua. Mimi nilikosea kwa kulaumu ubao kila mara. Usije ukakosea kwa kutolaumu ubao kamwe. Ukianguka, angalia upepo, angalia pezi, panda tena. Ikiwa miezi inapita na nchi kavu nayo inakutupa, hapo nenda hospitali, wala usijitafutie sababu kama nilizojitafutia.

Kuhusu kipimo, sikuambii ukifanye wala sikuambii usikifanye. Nimewaza pande zote mbili mpaka nimechoka. Kuna siku naona ni bora mtu ajue. Kuna siku nakumbuka zile asubuhi zangu za Lamadi na kujiuliza kama ningezipata nikiwa najua, na naona nisingezipata. Damu ni yako. Ukitaka kujua, ujue. Usipotaka, mtu asikuite mwoga, hata mume wako, ukimpata. Lakini yeye mwambie kabla hamjaoana. Mimi mama yako sikumwambia kwa kuwa sikujua, na bado naona aibu anaponifunga vifungo vya shati.

Kuna jambo moja la kazi nataka ulishike kwa nguvu zote, kwa sababu hili linaua watu wazima kabisa. Upepo wa kutoka nchi kavu. Asubuhi, ufukweni, maji yanakuwa laini kwa sababu nyumba na miti vinaukinga. Mgeni anayaona, anasema leo shwari, na bosi anasema wapeleke. Wewe angalia mbali. Ukiona maji ya mbali yana mikunjo na ya karibu hayana, upepo unasukuma kwenda ndani. Mtu aliyesimama juu ya ubao ni tanga, hajijui. Atakwenda vizuri, atafurahi anavyokwenda vizuri, mpaka atakapogeuka kurudi. Siku hiyo kataa. Wakikuambia unaogopa, sema ndiyo. Na kama mtu ameshachukuliwa, apige magoti, au alale kifudifudi apige maji kwa mikono, na asiuache ubao hata ufukwe uonekane karibu namna gani. Kamba ya kufunga ubao mguuni na jaketi la kuelea avae kila mtu, hata anayesema ameogelea tangu akiwa tumboni. Na jioni waache viboko na sehemu yao. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu ukiwa mgeni kwenye kazi, kukataa ni kugumu kuliko kusimama.

Nimepumzika kidogo hapo juu, utaona wino umebadilika. Ulikuja mlangoni.

"Baba, unaandika nini muda wote huo?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

Ukacheka. "Si niko hapa? Ongea basi, uokoe karatasi."

Ukaondoka kabla sijajibu, unaimba, unatafuta soksi. Nimekaa nikakusikiliza. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, katikati ya nguo, uione ukishafika Bukoba. Nilikuwa nimeshaandaa bahasha na gundi. Niliona ni busara: upate usingizi wako wa leo, upate safari yako, usome ukiwa mbali.

Ukiwa mbali nami, ndivyo nilivyotaka. Nisikuone usoni unaposoma. Usome peke yako kwenye chumba cha wafanyakazi, kwenye mji ambako humjui mtu, na kesho yake uingie majini na wageni. Nimeona mwenyewe kwamba nilikuwa nakupeleka mbali kwenye maji kisha ndipo nikuambie upepo umegeuka.

Kwa hiyo sitafunga bahasha. Nitakupa leo, kabla ya chakula, kukiwa bado na mwanga. Mama yako nimemwomba aache kupika kwanza aje akae nasi, na nusu ambayo sikumwambia ataisikia kutoka kwako ukisoma. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunikasirikia, una haki nayo, maana nilijua tangu mwaka jana. Ukiuliza, uliza moja moja, nitajibu taratibu na usinimalizie maneno. Kama kesho utaona huwezi kupanda basi, basi litaondoka bila wewe na hakuna atakayekuuliza. Kama utapanda, nitakuja stendi kukuaga, na watu wa pale waseme wanavyotaka kuhusu mzee anayeyumba asubuhi asubuhi.

Sasa umefika mwisho. Niko kwenye kiti mbele yako, Minza. Sema.

Baba yako